Kliniki ya mazoezi ya mkono na vifaa vyote nilivyonunua baada ya kukatwa na kioo: maoni ya msusi

Niseme mapema kabisa, kliniki naipa nyota 4 kati ya 5, na kwenye vifaa vyote nilivyonunua toka nimeumia ni viwili tu ndo vina thamani ya hela yake na kimoja wapo hata dukani hakiuzwi. Vingine vingi viko kwenye boksi chini ya kitanda, watoto wa dada yangu wakija wanachezea. Jina la kliniki silitaji kwa sababu nina mabaya ya kusema pia na mke wa mwenye kliniki saivi ni mteja wangu namsuka, sasa mnielewe tu. Iko Dar, upande wa Kinondoni, inatosha hapo.

Mimi ni msusi, nina saluni ndogo ya viti viwili huku Temeke, na mkono ulioumia ni wa kulia, ndo huohuo wa kazi. Kioo kikubwa cha ukutani kilitoka kwenye misumari tukiwa tunakihamisha, nikakidaka, kikavunjikia mkononi kikapita kiganjani pale chini kabisa kidole cha shahada na cha kati vinapoanzia. Habari za damu naziruka. Kilichonishtua ni kwamba vile vidole viwili vilibaki vimenyooka, nakunja mkono vingine vyote vinakuja, hivi viwili vimekaa tu vinaniangalia, na ncha zake nikizigusa sisikii kitu.

Dispensari ya karibu nilikoanzia walishona ngozi vizuri tu, wakanipa dawa za maumivu na sindano ya pepopunda, wakasema nikapumzike. Alienishtua ni mteja wangu nesi alivyokuja kunipa pole, akaniambia nikunje vidole, akaona, akasema we dada hiyo kano (ile kamba ya ndani inayokunja kidole) imekatika tena inawezekana na neva, mshipa wa kuhisi, imeenda, kesho asubuhi nenda hospitali kubwa usisubiri nyuzi zitolewe. Kwahiyo na mimi nawaambia hivohivo, kama umekatwa kiganjani au kwenye kidole hata kama kidonda ni kadogo, na kidole hakikunji au ncha imekufa ganzi, usiridhike na kushonwa ngozi. Kano ikikatika inajivuta inarudi ndani kuelekea mkononi, na ikikaa sana inafupaa hata daktari anapata tabu kuivuta irudi mahali pake, inatakiwa ishonwe ndani ya siku chache. Nilifanyiwa oparesheni, kano zikaunganishwa, neva zikaunganishwa, oparesheni sina malalamiko nayo hata kidogo.

Tatizo langu lilianza siku ya kuruhusiwa. Unapewa karatasi, imeandikwa mazoezi, basi. Mazoezi gani, lini, nani anafundisha, hakuna. Wodini kila mtu ana yake, huyu anasema usiguse kabisa mpaka ipone, huyu anasema anza kubana mpira upate nguvu. Wote wawili wangeniharibia mkono, nilikuja kujua baadae.

Sasa kliniki. Ni chumba kimoja kikubwa na kingine kidogo, ghorofa ya pili, lifti hamna. Ukiingia kuna meza ndefu, bakuli za mchele na maharage, klipu za kuanikia nguo za kila rangi, vifungo vya mashati, kufuli na funguo zake, nilijua nimepotea nimeingia chekechea. Kona kuna sufuria pana ya umeme yenye maji ya moto. Mtaalamu wangu ni kijana mmoja mpole amesomea Moshi pale hospitali ya KCMC tiba kwa vitendo, yani sio yale mazoezi ya kukunjwa magoti tu tuliyozoea kuyaona, hawa wanaangalia mkono wako unataka kufanya kazi gani. Swali lake la kwanza hakuuliza unaumwa wapi, aliuliza "dada unafanya kazi gani", nilivyosema msusi akasema nionyeshe unashikaje nywele. Nikamwonyesha kwa mkono wa kushoto. Hapo nikasema huyu nimempata.

Alichukua biki akanichorea kwenye kiganja cha kushoto jinsi kulivyo ndani. Kila kidole ukitoa gumba kina kano mbili za kukikunja, moja inaishia pingili ya kati na nyingine inaenda mpaka ncha, na zote mbili zinapita kwenye kimfereji kimoja chembamba kimebana mfupa. Mimi nimekatwa palepale penye wembamba. Zikishonwa zinavimba, na mwili ukiponya kidonda hauchagui, unaponyesha kila kitu kwa pamoja, kwahiyo kano inagandana na kuta za mfereji wake. Ukikaa bila kuichezesha inaganda, kidole kinakuwa kijiti. Ukiichezesha kwa nguvu inakatika, unarudi theatre. Kazi yote ya hii kliniki ni kukupitisha hapo katikati, na ndo unachokilipia, maana hakuna video wala kifaa kitakachokwambia leo mkono wako umefika wapi.

Akanisimulia kwamba zamani madaktari wengi walikuwa wanaogopa sehemu ile kiasi kwamba ukikatwa hapo hawashoni kano, wanafunga ngozi tu wanasubiri, baadae wanakupandikizia kano kutoka sehemu nyingine. Mpaka miaka ya 1960 ndo akina daktari Kleinert kule Louisville, Marekani, wakaonyesha kwamba inawezekana kushona kabisa na kuanza kuchezesha kidole mapema, walikuwa wanafunga kimpira kwenye kucha kinavuta kidole kukunja alafu mgonjwa mwenyewe anakinyoosha taratibu. Mimi sikufungwa huo mpira, siku hizi kuna njia nyingine, ila nilipenda kwamba mtu anakueleza na chanzo chake. Hospitali ngapi mtu anakaa chini anakuchorea.

Kifaa cha kwanza, na ndo nakipa nyota 5 zote: splinti. Hii ndo ile niliyosema haiuzwi dukani, maana inatengenezwa juu ya mkono wako. Anakata bamba la plastiki jeupe, analitumbukiza kwenye ile sufuria, linalainika linakuwa kama chapati, analikausha analiweka juu ya mgongo wa mkono, anaminya dakika chache likipoa limeshakuwa gumu na limechukua umbo lako. Inakaa upande wa juu, kiganja kiko wazi, vidole vimeinamishwa kwenye vifundo alafu vimenyooka mbele, kwahiyo unaweza kukunja lakini huwezi kunyoosha kupita kiasi. Akili yake ni hiyo tu. Hata ukishtuka usingizini au ukijikwaa ukataka kujishika, mkono haupati nafasi ya kujinyoosha ukavuta uzi ulioshonea kano. Unavaa mchana na usiku wiki kama 6 hivi, na hauvui bila ruhusa.

Mambo ambayo hakuna mtu anakwambia kuhusu splinti na Dar yetu hii. Kwanza jasho. Mwezi wa kwanza na wa pili, Temeke, chumba cha bati, harufu yake utaitafutia jina. Omba soksi za pamba za kuvaa chini yake angalau tatu, unafua unabadilisha, na splinti yenyewe inaoshwa na maji ya kawaida na sabuni pale kliniki wakati wameshika mkono wako, usiivue mwenyewe bafuni. Pili joto. Ile plastiki inalainishwa na maji ya moto kwahiyo ukija kupewa ruhusa ya kuivua muda mfupi usiiache kwenye dashibodi ya gari au juani, inajikunja inapoteza umbo, kuna mama alikuja nayo imekuwa sambusa, akatengenezewa nyingine akalipa upya. Tatu ni ya wasusi wenzangu, ile mikanda ya kunata inakusanya nywele na rasta zote za saluni mpaka inaacha kunata, nilikuwa nachokonoa na sindano kila jioni, mwisho nikakoma kwenda saluni kukaa kaa.

Mazoezi yenyewe ya wiki za mwanzo yanachosha akili kuliko mwili. Kila saa ukiwa macho, unatumia mkono mzima kukunja vidole vya mkono mgonjwa taratibu mpaka viguse kiganja, unaviachia, vinarudi mpaka vinagusa splinti. Mara chache tu, alafu basi. Baadae kidogo unavikunja kwa mkono mzima alafu unaambiwa vishikilie hapohapo mwenyewe kwa nguvu ndogo kabisa, kama umeshika kifaranga. Mtu mwenye kazi zake anaona huu ni utani, hela yote hii nakuja kukunjiwa vidole? Ila kuna kaka fundi magari tulikuwa tunakutana pale kwenye benchi, mkono wake unaenda vizuri kuliko wangu, kidole kilikuwa hakiumi kabisa, akaona amepona, akabeba ndoo ya maji. Anasema alisikia paa, kama uzi umekatika, na kidole kikaacha kukunja. Akarudishwa kushonwa. Kutokuuma sio kupona, hasa hizi wiki za mwanzo uzi ndo unabeba kila kitu kano yenyewe bado laini.

Mama mkubwa alikuja toka Lindi kunihudumia na chupa yake ya mafuta ya nyonyo, anamjua mkandaji mzuri sana amewanyoosha wengi, alitaka nipelekwe nikavutwe vidole vinyooke kabla havijazoea kupinda. Mama mkubwa hasikii la mtu. Nikamwomba anisindikize kliniki, yule kijana akamwamkia, akamkalisha, akamwambia "mama, hivi vidole havijapinda kwa ugonjwa, nimevipinda mimi kwa makusudi, vikinyooshwa leo uzi unakatika, nipe mwezi na nusu alafu mafuta yako tutayatumia kwenye kovu". Na kweli aliyatumia. Mama mkubwa mpaka leo anamwita mwanangu. Hii ndo huduma kwa wateja, sio vile viti vya kuzunguka na maji ya kopo.

Haya tuje vifaa vya kununua, nitaenda haraka kwa vile vya ovyo.

Kile cha kubana cha springi, cha jimu, chenye mikono miwili ya plastiki. Wanauza Kariakoo, wanauza onlaini, wanauza hadi kwenye foleni taa zikiwa nyekundu. Kila mtu aliyekuja kuniona alikuja nacho au alinishauri ninunue. Nyota 0 kwa mtu aliyeshonwa kano. Kwanza kigumu, pili hakikufundishi kukunja ncha ya kidole, kinafundisha kubana na kiganja, na mtaalamu aliniambia kama wiki ya 12 haijapita asinione nacho. Mpira wa kubana ni afadhali kidogo ila tatizo ni lilelile, mpira mnene unazuia vidole kufika kiganjani, sasa shida yako ni vidole havifiki na wewe unaweka kitu cha kuvizuia.

Udongo wa mazoezi, ule unaovutika wa rangi rangi. Huu mzuri, unaanza kwenye wiki ya 8 hivi na laini kabisa, unabana, unachimba na ncha za vidole, unavuta. Lakini bei jamani kwa kikopo kile kidogo, na angalieni rangi, kampuni hii njano ni laini sana kampuni ile ni nyingine, muulize muuzaji ugumu usiulize rangi. Na ukidondokea kwenye kapeti au nywele za mteja umekwisha. Mimi nilimaliza kikopo kimoja alafu nikahamia kwenye unga wa ngano, nakanda kidogo laini wa chapati nachezea asubuhi, nikitaka ugumu naongeza unga, jioni unaliwa. Mtaalamu akacheka akasema ni sawa. Nyota 3 kwa udongo, 5 kwa unga.

Shuka za silikoni za kovu. Hiki ndo kifaa cha pili nilichosema kina thamani. Kovu langu lilianza kunyanyuka na kuwa jekundu gumu, likawa linavuta kidole, na kwa sisi ngozi nyeusi makovu kuota ni kawaida. Ni kikaratasi laini kinanata juu ya kovu, kidonda kikishafunga kabisa, unakaa nacho masaa mengi kwa siku, miezi kadhaa sio wiki, unakiosha unakirudishia. Kovu lilishuka na kulainika. Kwa joto letu ukiweka mfululizo unapata vipele, kwahiyo anza masaa machache uongeze. Kama hela haitoshi basi mafuta yoyote ya mgando na kulikanda kovu kwa kidole gumba ukizungusha na kubonyeza, mara kadhaa kwa siku, hiyo kazi haina mbadala hata ukiwa na silikoni.

Glovu za kubana, zile zinauzwa famasi kwa ajili ya baridi yabisi. Zilisaidia uvimbe wa asubuhi, ila saizi zao ni za ajabu, ya kati inabana mpaka kucha inabadilika rangi na kubwa inapwaya. Ukivaa ncha za vidole zikaanza kuwa za zambarau vua hapohapo. Nyota 3. Uvimbe ulipungua zaidi kwa kulala mkono umewekwa juu ya mto kuliko kwa glovu.

Mashine ya nta ya moto, unachovya mkono unatoka na glavu ya nta. Kliniki wanayo na ni tamu sana kwa mkono uliokakamaa, ukitoka hapo vidole vinakuwa vilaini unafanya mazoezi vizuri. Kununua ya nyumbani naona ni anasa, beseni la maji ya uvuguvugu linafanya karibu kazi hiyohiyo. Wasusi naomba mnisikilize hapa, ile mashine yetu ya nta ya kutolea vinyweleo SIO hiyo, nta yake ni nyingine na inanata, usije ukachovya mkono humo. Na kama vidole vyako havisikii, usichovye popote bila kujaribu kwanza na mkono mzima.

Hapo kwenye kutosikia nikae kidogo maana ndo palipoumiza kuliko pote na hakuna kifaa chake. Neva iliyoshonwa inaota upya taratibu, wanasema karibia milimita 1 kwa siku, na inachukua muda kabla haijaanza. Kutoka kiganjani mpaka ncha ya kidole piga hesabu mwenyewe, ni miezi. Mtaalamu alikuwa ananigonga gonga kwa ncha ya kidole kando ya kidole changu kuanzia kwenye kovu kuja mbele, pale panapotekenya kama shoti ya umeme ndo neva imefika, anaweka alama anaandika. Kila tukikutana alama inasogea. Kuna siku niliomba anigonge tu hata kama sio zamu yake, nilikuwa nataka kuona imesogea.

Sasa fikiria msusi asiyesikia ncha ya shahada na ya kati. Nywele unazigawa kwa kuhisi, sio kwa kuona, macho yako yapo kwenye mstari na vidole ndo vinahesabu unene. Nilivyoruhusiwa kuanza kazi ndogo ndogo nilikuwa nachukua fungu la nywele nadhani ni sawa na lenzake, nikimaliza mstari mmoja mnene mwingine mwembamba. Alafu kuna kuchovya rasta kwenye maji ya moto mwishoni, ile kazi niliikabidhi kabisa kwa msaidizi wangu, hata pasi ya nywele sikushika, maana kidole kisichosikia kinaungua na wewe unapiga stori. Mtaalamu alinipa mazoezi ya zile bakuli: unafumba macho unatafuta kifungo ndani ya mchele, alafu unaulizwa ni kifungo au ni shilingi mia. Kitambaa cha pamba, brashi, sponji, unasugua kwenye ncha huku unaangalia, alafu unafumba macho unasugua tena, ubongo unajifunza upya kusoma. Nilikuja na rasta zangu na kichwa cha plastiki cha kufundishia, akanipa kona, akawa ananisimamia nisuke mabutu makubwa makubwa na kusema kidole kipi kinakwepa kazi. Kumbe shahada ilikuwa imeshaacha, cha pete ndo kinafanya kazi yake, na mimi nilikuwa sijui. Hakuna kikopo cha udongo kitakachokuonyesha hilo.

Mabaya sasa. Lifti hamna nimeshasema, mimi niliumia mkono, ila nilimwona mzee amepooza upande anabebwa na kijana wake mpaka juu, hiyo ni aibu kwa kliniki ya mazoezi. Apointimenti zao ni za mdomo, unaambiwa saa tatu mnajikuta watu wanne wote wa saa tatu. Kipindi chenyewe kizuri ila kuna siku niliachiwa kijana wa mafunzo na alikuwa anataka kuninyoosha vidole mapema, bahati nilishajua mkono wangu nikamkatalia mpaka mwenyewe akaja. Risiti mpaka udai. Na wanakuuzia vifaa vyao pale mapokezi, ikiwemo vile vya springi! Mtaalamu ndani anakukataza, dada wa mapokezi nje anakuuzia. Nilimwambia mwenye kliniki akasema ni vya wagonjwa wengine. Sawa.

Bei, kipindi kimoja ni elfu 30 hadi 40 kutegemea na kitu mnachofanya, splinti ni karibia laki na ishirini pamoja na marekebisho, na marekebisho yapo mengi kwahiyo uliza kama yamejumlishwa. Bima yangu ililipa oparesheni ila splinti ilikataa, kipindi pia ikalipa vichache tu. Kama we ni mwajiriwa na umeumia kazini usikubali kulipa mfukoni kimya kimya, muulize mwajiri wako habari za WCF, mfuko wa fidia kwa wafanyakazi, matibabu na utengamao vimo humo, mimi nimejiajiri kwahiyo sikuwa na pa kudai. Na kama hela ya kliniki binafsi haipo, hospitali kubwa za rufaa zina idara za mazoezi, foleni ni ndefu ila omba kabisa kuonana na mtu wa tiba kwa vitendo anayejua mikono, sema neno mkono na kano, la sivyo utapangwa na wagonjwa wa mgongo. Usisubiri nyuzi zitolewe ndo utafute, nenda siku zilezile za kwanza baada ya oparesheni, splinti inatakiwa ianze mapema.

Hali yangu saivi. Kidole cha kati kinagusa kiganja. Shahada inafika karibu, ncha yake haikunji yote, daktari alisema kama ingebaki vibaya kuna oparesheni ndogo ya kuikwangua kano ilipogandia, baada ya miezi kadhaa, ila sisi tumeamua kuiacha maana inafanya kazi. Nguvu ya kubana tunapima na kile kidude cha kusoma kilo, bado iko chini ya mkono wa kushoto ila inapanda. Twende kilioni za mistari mikubwa nasuka vizuri, yebo yebo nasuka, rasta ndogo ndogo bado nawapa wasichana wangu na wateja wangu wanajua. Baridi ndo siwezani nayo, nikikaa benki kwenye AC au nikishika samaki wa friza vidole vinauma mpaka kwenye mfupa, wameniambia hiyo inaweza kuchukua mwaka na zaidi, kwa wengine inabaki.

Kwahiyo mtaalamu nyota 5, splinti 5, mapokezi 2, ngazi 1, kwa ujumla nimeweka 4 kwa sababu mkono ndo nilioufuata pale na mkono nimeupata. Jumamosi nendeni kabla ya saa mbili asubuhi, baada ya hapo wanaingia watoto wa mguu kifundo (waliozaliwa na nyayo zimepinda) na hampati nafasi. Na vidude vya springi pale mapokezi msinunue.